Mgonjwa wa wodini "anatembea mwenyewe": ni lini tuandike hivyo kwenye faili?

Mwanazamu

Salaam kwenu nyote. Mimi ni muuguzi mwenye miaka miwili kazini, katika wodi ya magonjwa ya ndani ambayo wagonjwa wake wengi ni wazee. Fomu yetu ya kila siku ina mstari mmoja unaohusu mwendo, na majibu yanayoruhusiwa ni matatu: anatembea mwenyewe, anatembea kwa kusaidiwa, hatembei. Kwa muda mrefu nimejaza mstari huo kwa kumwangalia mgonjwa akihama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, au kwa kumuuliza tu, "Mzee, unatembea?" Naye hunijibu, "Natembea, mwanangu," nami naandika.

Wiki mbili zilizopita mgonjwa mmoja niliyemwandika kuwa anatembea mwenyewe alianguka saa tisa usiku akielekea msalani. Alikuwa siku ya sita ya matibabu ya homa ya mapafu, na mchana wa siku hiyohiyo nilimwona kwa macho yangu akitoka kitandani hadi dirishani bila kushika kitu. Namshukuru Mungu hakuvunjika, alichubuka kiwiko tu. Hata hivyo nilipolifungua tena faili lake niliona kwamba mwandiko ni wangu, na kwamba wenzangu wa zamu ya usiku walimwacha aende peke yake kwa sababu waliamini nilichoandika.

Naomba mnielekeze. Nifanye nini hasa kabla ya kuandika maneno yale, siku ambazo mtaalamu wa fiziotherapia hayupo wodini? Mgonjwa anayetumia fimbo au fremu (kile kifaa cha miguu minne cha kushikia) ahesabiwe kuwa anatembea mwenyewe au anasaidiwa? Na tathmini ikishafanyika, inadumu kwa muda gani?

---

Mnyoosha Viungo

Ndugu Mwanazamu, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kulileta jambo hili wazi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mstari huo wa fomu ninaujua vizuri, kwa kuwa nami huletewa wagonjwa ambao mstari wao unasema jambo moja na miguu yao inasema lingine.

Tuanze na maana yenyewe. Kutembea mwenyewe si kutembea bila kushikwa. Mgonjwa anaweza asiguswe na mtu yeyote na bado akawa anategemea mtu, kwa sababu yupo aliye karibu yake akimwambia "inua mguu", "subiri kwanza", "shika ukingo". Mtu huyo akiondoka, mwendo wote unavunjika. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, ningekuwa chumba kingine, mlango umefungwa, mgonjwa huyu angeinuka, angefika anakokwenda, angegeuka na kurudi salama, leo na tena kesho? Yule uliyemwona akienda dirishani alikuwa na muuguzi mbele ya macho yake na mwanga wa mchana, na pengine hata yeye hakujua ni kiasi gani alivitegemea.

Tunayo mizani ya kupimia mwendo inayotenganisha mambo haya vizuri, iliyochapishwa mwaka 1984 na ambayo hadi leo hutumiwa sana, hasa kwa wagonjwa wa kiharusi. Ina ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 0 ni yule asiyetembea kabisa au anayehitaji watu wawili. Ngazi ya 1 anahitaji mtu mmoja anayemshika kwa nguvu muda wote na kumbebea sehemu ya uzito. Wa ngazi ya 2 anahitaji kuguswa kidogo tu, mfululizo au mara kwa mara, asiyumbe. Ngazi ya 3 haguswi, lakini lazima mtu awe karibu. Ngazi ya 4 anatembea mwenyewe kwenye sakafu tambarare, ila anahitaji msaada kwenye ngazi za kupandia, mteremko au mahali penye mabonde. Ngazi ya 5 anakwenda popote. Nakuomba uitazame ngazi ya 3 kwa makini, maana fomu yenu haina mahali pa kumweka mgonjwa huyo. Ukimwandika kuwa anasaidiwa, wenzako watatafuta wa kumshika mkono; ukimwandika kuwa anatembea mwenyewe, wataondoka. Ninavyoona mimi, mzee wako alikuwa hapo.

Sasa, ufanye nini. Kabla hujamgusa, soma faili. Kama amefanyiwa upasuaji wa mfupa, daktari ameruhusu aukanyagie mguu huo uzito kiasi gani? Amepewa dawa gani za maumivu, za usingizi, za presha? Kisha mpime presha akiwa amelala, msimamishe kama anaweza, na umpime tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, umeshapata jibu la siku hiyo, hata kama miguu yake ina nguvu za kubebea gunia. Mgonjwa wa homa ya mapafu aliyelala siku sita, anayekula kidogo na kunywa maji kidogo, ndiye hasa wa kupimwa hivyo.

Baada ya hapo panda hatua kwa hatua, na popote atakaposhindwa usiendelee. Je, anakaa ukingoni mwa kitanda dakika nzima bila kushika wala kuegemea? Anaweza kuuvusha mkono mbele ya kifua akashikana nawe bila kupinduka? Anaunyoosha mguu mmoja mmoja kutoka gotini na kuuchezesha wayo? Anainuka mwenyewe na kusimama kwa utulivu? Anaweza kuinua miguu kwa zamu akiwa amesimama palepale? Hapo ndipo atembee. Wewe simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo, umefunga mkanda wa kumshikia kiunoni mwake kama mnao, na umtangulizie kiti mahali anapoweza kuchoka. Usimvute kwa mkono wala kumshika kwapani, kwani bega la mgonjwa wa kiharusi huumia kwa namna hiyo.

Kipimo kifupi ninachokipenda ni kile cha kuinuka na kutembea, kilichochapishwa mwaka 1991. Mgonjwa anakaa kwenye kiti chenye mikono, anainuka, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi na kukaa, nawe unahesabu sekunde. Amevaa viatu vyake, ana miwani yake, na kama ana fimbo anaitumia. Kwa wazee, sekunde 12 au zaidi huchukuliwa kuwa dalili ya hatari ya kuanguka. Lakini usiziabudu sekunde. Wengi wa wagonjwa wetu watazidi hapo kwa sababu ni wagonjwa, na wapo watakaomaliza upesi kwa sababu hawana hadhari. Mimi naangalia mambo mawili zaidi ya yote: kugeuka na kukaa. Anayegeuka kwa hatua nyingi ndogondogo, miguu ikisagana, au anayepeleka mwili kwenye kiti kabla miguu haijafika, huyo hajafika kwenye kutembea mwenyewe. Mwenye ugonjwa wa Parkinson anaweza kwenda sawasawa mita zote tatu, kisha akaganda pale pa kugeukia kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni. Mpime huyo ukijua alimeza dawa saa ngapi, kwa sababu mwendo wake muda mfupi baada ya dawa na mwendo wake dawa inapokaribia kuisha ni kama vya watu wawili tofauti.

Na jambo moja ambalo halihitaji kifaa chochote: mwongeleshe akiwa anatembea. Muulize jana alikula nini. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 1997 kwamba kati ya wazee 12 waliosimama kila walipoanza kuongea njiani, 10 walianguka ndani ya miezi sita. Anayelazimika kusimama ili ajibu anatumia akili yake yote kutembea, na usiku akili hiyo itakuwa na mambo mengine: haja inayombana, giza, stendi ya dripu, mpira wa mkojo.

Kuhusu fimbo na fremu: anayetembea salama na kifaa chake bila mtu, anatembea mwenyewe, na uandike "mwenyewe, kwa fremu". Lakini kifaa kiwe mahali anapoweza kukifikia bila kuinuka. Nimekuta mara nyingi fremu imesukumwa ukutani na mtu aliyekuja kufagia, na mgonjwa anatembea hatua nne za kuifuata kile kitu anachohitaji ili atembee. Fimbo nayo ishikwe kwa mkono wa upande ulio kinyume na mguu dhaifu, na urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mgonjwa anaposimama wima, mkono ukining'inia.

---

Mama wa Wodi

Nimeifurahia sana maelezo ya Mnyoosha Viungo, na ningependa kuongeza upande wa usiku, kwa kuwa nimefanya zamu za usiku miaka mingi.

Mwanangu Mwanazamu, uliandika kweli uliyoiona saa nane mchana, na faili likaisoma kama kweli ya saa zote. Hilo ndilo kosa, na ni kosa la fomu kuliko lako. Mgonjwa wa saa tisa usiku ameamka ghafla. Huenda alimeza kidonge cha usingizi saa tatu, huenda alipewa jioni dawa ya kutoa maji mwilini ambayo ilipaswa kutolewa asubuhi, na mzee mwenye homa anaweza kuchanganyikiwa usiku ilhali mchana alikuwa anakutajia majina ya wajukuu wake wote bila kukosea. Zaidi ya hayo, haendi dirishani. Anaenda msalani, tena kwa haraka, na msalani kuna sakafu yenye maji, mlango wa kuvuta, na kiti kilicho chini kuliko kitanda. Kwa sababu hiyo mimi siridhiki na mita 3 za mbele ya kitanda. Natembea na mgonjwa hadi msalani kwenyewe, naye anafungua mlango, anageuka, anakaa, anainuka, ananawa mikono na kurudi, nami sisemi neno. Kunyamaza huko ni kugumu sana kwa muuguzi, kwa maana ulimi unataka kusema "taratibu, baba", na ukishasema umeshamsaidia.

Kuhusu muda wa tathmini: kwangu mimi inakufa siku chochote kinapobadilika. Dawa mpya, homa kupanda, upasuaji, kuhamishwa wodi au hata kitanda, kuanguka, usiku wa kukosa usingizi, ndugu kusema "leo hayuko sawa". Hata kama hakuna kilichobadilika, mzee wa wodi ya magonjwa makali huangaliwa tena kila siku. Na usiandike alama ya vema peke yake. Andika sentensi: "Ametembea mwenyewe kwa fimbo hadi msalani na kurudi, mchana, amevaa viatu, amegeuka salama, usiku awe na mtu karibu." Anayeisoma saa tisa usiku ataelewa. Kama fomu haina nafasi, andika kwenye ukurasa wa maelezo ya zamu na uliseme mdomoni mnapokabidhiana.

Hapa, hata hivyo, nina hofu moja ambayo ningependa wenzangu waichukue kwa uzito uleule. Baada ya mgonjwa kuanguka, wodi nzima huingiwa na woga, na dawa ya woga huo huwa ni kuwalaza watu. Vizuizi vya kitanda vinapandishwa, kopo linaletwa kitandani, na mzee anaambiwa asiinuke bila ruhusa. Hakuna atakayeanguka wiki hiyo. Lakini kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ambamo wazee wenye afya njema, si wagonjwa, walilazwa kitandani siku 10, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mgonjwa mwenye homa, asiyekula vizuri, atapoteza nini? Tukimwandika "kwa kusaidiwa" kwa kujikinga sisi, na wa kumsaidia hayupo, maana yake halisi ni "hatembei". Na vile vizuizi si kinga, kwa sababu mwenye kuchanganyikiwa huvipanda, na akianguka anaanguka kutoka juu zaidi.

---

Binti Mkubwa

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtaalamu. Nilimuuguza baba yangu baada ya kiharusi, na ninaomba niongeze neno la upande wa ndugu.

Baba alipimwa kwenye chumba cha mazoezi, sakafu pana, hakuna kitu katikati, na tukaambiwa anatembea mwenyewe. Alitembea vizuri kweli, nilikuwepo. Aliporudi wodini, akipita mlangoni, bega lake la kushoto liligonga fremu ya mlango, na jioni likagonga tena palepale. Hakulalamika, wala hakujua. Sahani yake ya chakula nayo ilikuwa inabaki nusu, nusu ya kushoto, nasi tukidhani hana hamu ya kula. Nilimweleza muuguzi mmoja habari ya bega na ya sahani, akasema wazee ndivyo walivyo. Siku ya tatu aliikwaa kwa mguu wa kushoto stendi ya dripu ya jirani yake, akaanguka. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba kiharusi kilimwondolea kuutambua upande huo wa dunia ingawa macho yake yalikuwa mazima.

Tafadhali, mnapopima mwendo, waulizeni pia ndugu. Sisi tunajua kabla ya ugonjwa alitembeaje, alikuwa akishika ukuta au la, huamka mara ngapi usiku kwenda haja, na anavaa viatu gani. Baba yangu maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu msaada, na hilo nalo lilikuwa la kuandikwa kwenye faili.

---

Mnyoosha Viungo

Dada Binti Mkubwa, pole sana, na ulichokiona kwenye ile sahani ni uchunguzi ambao wataalamu tungepaswa kuufanya wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupata alama nzuri kwenye nguvu za misuli na hata kwenye kipimo cha Berg cha kupima uwezo wa mwili kutoyumba, chenye kazi 14 na alama 56, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hizo hufanyika mahali pamoja, pasipo mlango wala watu wanaopita. Ndiyo maana mtu wa kiharusi atembezwe kwenye korido yenye watu, na aombwe kutafuta kitanda chake mwenyewe akirudi. Akivipita vitu vya upande mmoja bila kuviona, miguu yake iwe na nguvu namna gani, huyo ni ngazi ya 3.

Na kwa Mama wa Wodi, nakubaliana nawe kuhusu woga. Ningesema tu kwamba tusichague kati ya kumlaza na kumwacha. Aliye ngazi ya 2 au 3 atembezwe mara tatu au nne kwa siku, saa zinazojulikana, hasa baada ya kula anapohitaji msala, ili asisubiri hadi abanwe ndipo ainuke mwenyewe.

---

Mwanazamu

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimejaribu tangu juzi, na ninaomba nieleze mgonjwa mmoja ili mnisahihishe.

Ni mzee wa miaka 74, siku ya nne, maambukizi ya njia ya mkojo. Nilipomuuliza, alinijibu vilevile kama wote: "Natembea, mwanangu." Safari hii nilimpima presha akiwa amelala, ikawa 138 kwa 80. Alikaa ukingoni vizuri, akanishika mkono kwa kuvusha kifua, akanyoosha miguu yote miwili. Aliposimama nilisubiri. Dakika ya kwanza alikuwa akitabasamu. Dakika ya pili niliona vidole vyake vya mkono wa kulia vinatafuta ukingo wa meza ndogo, polepole, yeye mwenyewe akiendelea kuniangalia usoni. Presha ilikuwa 112 kwa 70. Nilimkalisha, nikamwita daktari, na dawa yake moja ya presha ikasimamishwa kwa muda. Kama si vile vidole, ningemtembeza.

Jana jioni presha haikushuka tena hivyo. Tukaenda msalani, nami nikanyamaza kama Mama wa Wodi alivyoshauri. Aligeuka kwa hatua saba, nilizihesabu, na wakati wa kuinuka alijivuta kwa bomba la maji. Nikaandika: "Ngazi ya 3. Anatembea bila kuguswa, mtu awe karibu. Presha ipimwe asubuhi akilala na akisimama. Ainuke kwa kushika mahali imara, si bomba."

Nina swali moja lililobaki. Mzee huyu hataki kusindikizwa msalani. Anasema ni aibu kusindikizwa na binti. Nifanyeje?

---

Mama wa Wodi

Usibishane naye, mwanangu, na wala usimdanganye. Kaa usawa mmoja naye, umweleze kwamba vidole vyake vilitafuta meza, maana hakujua, na kwamba presha yake ilishuka. Kisha mpe la kuchagua: kama yupo muuguzi wa kiume kwenye zamu, awe yeye, kama hayupo, wewe utasimama nje ya mlango, mlango umerudishwa bila kufungwa kwa komeo, naye ataita akitaka kuinuka. Kengele iwe upande wa mkono wake wenye nguvu, na mwombe akuonyeshe anavyoibonyeza. Makubaliano hayo yaandike kwa maneno yake mwenyewe chini ya ile sentensi yako, ili anayekupokea zamu asianze upya kubishana naye saa tisa usiku.

---

Mnyoosha Viungo

Naongeza dogo: kiti cha msala kikiwa chini sana, omba kile cha kuinulia au fremu ya pembeni yenye vishikio, kisha mpime tena. Huenda aliyejivuta kwa bomba hana tatizo la kutembea hata kidogo, bali la kuinuka kutoka chini, na mapaja yake yakifanya mazoezi ya kuinuka kwenye kiti mara tano, asubuhi na jioni, unaweza kumbadilishia ngazi kabla hajaruhusiwa kutoka.